Simu Inapokuonya Kuhusu Sauti, Inahesabu Nini?

Unasikiliza muziki kwa hedifoni, mara simu inakuonya kuwa umezidisha sauti. Usiufute tu ujumbe huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa njia isiyo salama. Ndiyo maana mwaka 2019 lilitoa viwango ambavyo watengenezaji wa simu wanahimizwa kuvifuata.

Kinachohesabiwa ni ukubwa wa sauti pamoja na muda. Kwa mtu mzima, desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90 unabaki na saa 4. Kwa desibeli 100, dakika 20 tu kwa wiki nzima.

Lakini onyo hilo huhesabu hedifoni peke yake. Sabufa ya sebuleni na spika za daladala hazimo, ingawa masikio yako yanazibeba zote. Seli za kusikia zikifa hazioti tena. Sauti isizidi asilimia 60, na masikio yapumzishe mara kwa mara. Ukisikia mlio usiokwisha masikioni, nenda kituo cha afya.