Chuma Kikigusa Lami, Kona Imekushinda

Vijiweni mwa bodaboda na hata kwa wenye mapikipiki makubwa ya matembezi ya Jumapili, imani ni moja: fundi wa kona ni yule anayelaza pikipiki kuliko wenzake. Chuma cha kukanyagia kikikwaruza lami na kurusha cheche, anasifiwa. Tairi lake likionekana bado jipya pembeni kwa sababu halijawahi kulala vya kutosha, anachekwa kuwa mwoga. Huu ni upuuzi, tena upuuzi unaovunja watu miguu.

Tuanze na hesabu, maana wanaosifia cheche huwa hawaigusi. Kiasi ambacho pikipiki inalazimika kulala hutegemea mwendo na ukali wa kona. Uzito haumo: mwembamba na mnene wakipita kona moja kwa mwendo mmoja, watalala karibu sawa. Chukua kona kali ya mlimani, ambayo nusu kipenyo cha mzingo wake ni mita 20. Ukipita kwa kilomita 30 kwa saa utalala kama nyuzi 20. Kwa kilomita 40, nyuzi 32. Kwa kilomita 50, nyuzi 44. Ukifika nyuzi 45, tairi linatakiwa kung'ang'ania lami kwa upande kwa nguvu iliyo sawa na uzito wote wa pikipiki, dereva na mzigo. Lami kavu na tairi zima vinaweza kukubeba. Sasa hamishia hesabu hiyo kwenye barabara ya Mombo hadi Lushoto asubuhi ya ukungu, lami imelowa, dizeli imemwagika mahali, ng'ombe wamepita na kuacha chao, na tairi la nyuma ni kipara.

Kwa hiyo kulala ni gharama. Aliyelala sana amelipa sana, na mara nyingi amelipa bila sababu. Wawili wanaweza kupita kona ileile kwa mwendo uleule, mmoja akalala kidogo na mwingine akakwaruza. Wa kwanza alipunguza mwendo kabla, akakaa upande wa nje wa njia yake, akasubiri mpaka aione kona inakoishia, ndipo akakata. Mzingo wake ukawa mpana. Wa pili aliwahi kuingia ndani, kona ikamsukuma nje, akalazimika kuilaza pikipiki ghafla ili asiende kwenye korongo. Halafu kijiweni tunampigia makofi huyo wa pili!

Watanijibu kwa picha za mashindano. Marc Márquez, mwendesha pikipiki wa mashindano, hulala zaidi ya nyuzi 60 mpaka kiwiko kinasugua lami, sasa wewe mwandishi unasemaje? Nasema mtazame vizuri kiunoni. Mwili wake umetoka kwenye kiti na kuning'inia upande wa ndani. Mtindo huo wa goti chini ulipata umaarufu kwa Mmarekani Kenny Roberts, bingwa wa dunia wa mwaka 1978, na faida yake ni kwamba mwili ukisogea ndani, pikipiki yenyewe hulala kidogo kuliko ambavyo ingelala kwa mwendo huo. Yaani yule mnayemwiga kwa kulaza anafanya kila njia asiilaze zaidi. Isitoshe, matairi yake hupashwa moto kabla ya kuingia uwanjani, na hakuna Fuso la kabichi linalomjia kutoka mbele.

Hilo la Fuso nalitilia mkazo. Tunaendesha kushoto. Kwenye kona ya kulia, ukishikilia karibu na mstari wa kati na kuilaza pikipiki, matairi yako yamo upande wako lakini kichwa na bega vimeshavuka. Dereva wa Fuso atakuwa upande wake kabisa, kihalali, na bado atakugonga kichwa.

Turudi kwenye chuma. Kwenye pikipiki nyingi kubwa chuma cha kukanyagia kina bawaba. Kikigusa chini hukunjika juu, na baadhi huwekewa kijiti chini yake ili kiguse kwanza na kukuonya. Wapo wanaokifungua kijiti hicho ili walale zaidi, jambo linalonishinda kuelewa. Stendi, eksozi na vyuma vya kukinga injini havikunjiki. Kimojawapo kikikaa kwenye lami, kinabeba uzito ambao ulikuwa wa tairi, tairi linanyanyuka, na pikipiki inateleza chini yako kabla hujasema lolote.

Na bodaboda wetu husogeza vyuma hivyo karibu na lami wao wenyewe. Panda mshikaki, abiria wawili nyuma na gunia mbele, shokapu zinazama. Ingia kona, zinazama tena, kwa sababu kwenye nyuzi 45 springi hubeba kama mara 1.4 ya mzigo wa kawaida. Teremka kutoka Soni kwenda Mombo ukibana breki ya mbele, pua nayo inainama. Pikipiki iliyoweza kulala bila kugusa ikiwa na mtu mmoja sasa inagusa mapema mno. Anayeteremka gia ikiwa huru ili abane petroli amejinyima pia breki ya injini. Akiba yake ya shilingi mia kadhaa ataipeleka hospitali.

Sisemi watu waogope kulala. Aliyeingia kona kwa kasi kuliko alivyokusudia akakaza mikono na kubana breki kwa hofu, ndiye anayenyooka na kwenda korongoni, ilhali pikipiki ilikuwa na nyuzi kadhaa alizoweza bado kuzitumia. Nyuzi hizo ni za siku hiyo. Anayezimaliza kila Jumapili ili apigwe picha, siku atakapokuta ng'ombe katikati ya kona hatakuwa na za kutumia.

Kama kuna fedha ya kutumia kwenye kona, ianzie kwenye matairi. Kisha mtazame fundi akigeuza ile pete yenye ngazi kwenye shokapu za nyuma, ambayo pikipiki nyingi za kazi zinayo na wenye nazo hawajawahi kuigusa tangu dukani. Ngazi moja au mbili zinainua nyuma iliyozamishwa na abiria, kwa spana, pasipo kununua kitu.