Nani Mwenye Rafu? Maktaba za Umma katika Miji ya Mlima Kenya

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila anayepanga maktaba za umma katika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Ajuaye kasoro za maktaba ni msomaji, lakini yeye ndiye wa mwisho kuulizwa, iwapo ataulizwa.

Chimbuko la hali hii ni la kihistoria. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika alisalia nje kwa miaka mingi. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka wa 1965 iliunda bodi ya huduma ya maktaba ya taifa, na matawi yake yakaenea hadi miji ya Mlima Kenya. Baadaye ukazuka mpango wa maktaba za jamii: wananchi watoe kiwanja au jengo kwa moyo wa harambee, nayo bodi ilete vitabu na wafanyakazi. Mpango huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, una mgawanyo wa kazi unaostahili kuhojiwa: ukuta ni wa mwananchi, rafu ni ya mtaalamu.

Natija yake i wazi. Aghalabu maktaba imegeuka ukumbi wa kudurusia mitihani. Mkulima wa kahawa wa Othaya na mchuuzi wa soko la Karatina hupita mlangoni bila kuona sababu ya kuingia.

Wapo watakaodai kwamba uteuzi wa vitabu ni taaluma, na kwamba raia wa kawaida hajui asome nini. Karatina yenyewe yakanusha dai hilo. Gakaara wa Wanjau, aliyetiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, aliendesha shughuli za uchapishaji mjini humo, na mwaka wa 1984 alitunukiwa Tuzo ya Noma kwa shajara yake ya kizuizini aliyoiandika kwa Kikuyu. Mji uliojichapishia vitabu hauwezi kushindwa kujichagulia. Isitoshe, mkutubi hapungukiwi na taaluma yake kwa kusikiliza. Huko Nairobi, asasi ya Book Bunk, iliyoasisiwa mwaka wa 2017, imezifufua maktaba za Kaloleni na Makadara kwa kushirikiana na wakazi.

Sheria nayo haina kizuizi. Katiba ya mwaka wa 2010 imeziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, na Kifungu cha 10 chautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa. Basi kila maktaba na iwe na baraza la wasomaji: wakulima, wanafunzi, walimu, wazee na watu wenye ulemavu. Baraza hilo lipewe fungu mahususi la fedha za vitabu na kauli kuhusu saa za kufungua. Vikao viendeshwe kwa Kiswahili ili Mkikuyu, Mmeru, Muembu na Msomali wasikizane, na rafu zisizisahau lugha zao za mama.

Wapenzi wa Kiswahili wasingoje kualikwa. Wao ndio wenye ujuzi wa kutafsiri hati za kaunti, kuendesha vikao na kunukuu masimulizi ya wazee ili yahifadhiwe. Aliyetoa kiwanja hapaswi kuwa mgeni rafuni.