Bi Harusi, Nguo Yako ya Katikati Iko Wapi?



Sisi tuko Singida mjini, tunashona magauni ya harusi na nguo za sanduku. Hivi karibuni alitujia bi harusi wetu mmoja, hata wiki mbili hajamaliza kwa mume, macho yamemvimba. Alfajiri alitoka chumbani kwenda bafuni uani na gauni jepesi la kulalia, tulilomshonea wenyewe. Akakutana na baba mkwe anatia udhu. Hakuna aliyemsema, lakini mama mkwe alinuna siku nzima, na yeye akatamani ardhi ipasuke immeze.

Tuliumia, maana na sisi tuna lawama. Tulimshonea nguo za kutokea na nguo za kulalia. Ya katikati hatukumuuliza, na yeye hakujua kama ipo.

Siku hizi orodha za sanduku zinatujia kwenye simu zimejaa majina ya Kizungu: negligee, pajama, chemise. Mabinti wanayataja kwa kunong'ona kama matusi. Lakini tukiyafuatilia, asili yake ni nguo za nyumbani tu. Negligee ni neno la Kifaransa, lina maana ya kitu kilichoachwa bila kushughulikiwa. Katika karne ya 18 wanawake wa Ulaya waliita hivyo gauni pana la kushindia ndani, kabla ya kujifunga na kujipamba kwa ajili ya wageni. Pajama limetoka Kiajemi na kupitia India, ni mguu na nguo, yaani suruali pana. Na chemise ndiyo shumizi ile ile ya bibi zetu, ya kuvaa ndani ya gauni.

Kwetu nako maneno yameharibika. Khanga moko ilikuwa mama aliyetoka kuoga, kajifunga khanga moja kifuani, yuko chumbani mwake. Hapakuwa na aibu. Leo ukilitaja, watu wanakumbuka wacheza ngoma wa jukwaani. Neno likishachafuka, mama anaona haya kulitamka mbele ya binti yake, na somo lenyewe linapotea.

Dini yetu haikuona haya kulizungumza jambo hili. Katika Suratun Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anataja nyakati tatu za faragha: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya sala ya isha. Nyakati hizo hata watoto wadogo na watumishi wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia. Kuvua nguo kumepewa wakati wake na mlango wake. Na tuangalie vizuri: waliofundishwa adabu hapo ni wale wanaotaka kuingia. Kwa hiyo haya za nyumba si mzigo wa bi harusi peke yake. Mwenye nyumba naye akohoe, apige hodi, amwache mkwewe apite.

Lakini na wewe mwali jipange. Baba mkwe ni maharimu wako, ndiyo, ila maharimu si mume. Cha mume kibaki chumbani.

Khanga huuzwa doti, vipande viwili. Kimoja unajifunga, cha pili unajitanda kichwani na mabegani. Hicho cha pili ndicho cha kutundika nyuma ya mlango wa chumba, ukiamka usiku mkono wako ukifikie hata gizani. Ongeza na dera au gauni pana la pamba, zito kiasi, lisiloonyesha ndani. Hiyo ndiyo nguo ya katikati. Bei yake haifiki hata robo ya gauni la harusi, nayo utaivaa miaka.

Sasa kila bi harusi anayekuja kupimwa tunamuuliza wazi: utaishi na nani, na bafu liko wapi? Wengine wanacheka. Wakishajibu, tunajua cha kushona.

Masomo na makungwi, mama zetu, tunawaomba myataje maneno haya kwa sauti mbele ya wali wenu. Msiiachie simu iwafundishe. Yule binti wetu alifundishwa namna ya kumpendezesha mume, akasahauliwa hatua chache za kutoka chumbani hadi bafuni.

Allah azisitiri nyumba zetu. Amin.