Kumfungia chumbani si matibabu

Mwaka 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri wa kununua pombe uongezwe kutoka miaka 18 hadi 21, na mtandao ukawaka moto. Sawa, tubishane. Lakini dogo wa Form Two anayekunywa tayari, nani aliwahi kumwitisha kitambulisho? Tangu 2010 sheria inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtaani unajua vile hiyo hufuatwa.

Swali langu ni hili: huyo aliyezama tayari aende wapi? Shule ikimshika na bangi inamtuma nyumbani wiki mbili, yaani inamrudisha kwa base ileile alikoitoa. Mzazi naye anamfungia chumbani eti pombe imtoke mwilini. Hapo ndipo naogopa. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatiziwa ghafla anaweza kupata degedege, hata afe. Hiyo si kazi ya kufuli, ni ya daktari.

Sasa weka namba hii kwa simu: 1192. Ni laini ya NACADA, haina malipo, mchana na usiku. Si lazima mraibu mwenyewe apige. Piga wewe, rafiki yake ama dada yake. Uliza kituo kilicho karibu na uulize bei mapema, maana vingi ni vya kibinafsi na bili huuma. Pia si kila kijana anahitaji kulazwa. Wengine husaidika kwa ushauri nasaha huku wakiendelea na masomo. Ila hilo aamue aliyesomea, si mwalimu wa zamu.