Kambale Huonja kwa Ngozi: Maoni Juu ya Uchaguzi wa Chambo

Mimi ni mtu wa Namswea, katika Wilaya ya Mbinga, nchi ya kahawa na mashimo ya ngoro, na uvuvi wangu wa utotoni ulikuwa wa vijito na madimbwi ya mabondeni. Chambo chetu kilikuwa mnyoo aliyechimbwa penye unyevu chini ya mgomba. Hatukujiuliza hata siku moja ni vipi kambale alimpata mnyoo huyo usiku wa giza, katika maji yaliyovurugwa na mvua. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa bayolojia, niliteremka na wanafunzi hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, tukawakuta vijana wanakokota chandarua cha mbu kando ya matete. Walichokipata ni samaki wadogo wasiofikia urefu wa kidole. Nilipouliza wanawataka kwa kazi gani, nilijibiwa kwa heshima kabisa: "Ni chambo, mwalimu. Cha kambale."

Tangu siku ile nimekuwa na shauri moja ambalo nalileta mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao. Chandarua kile hakina faida hata kwa mvuvi mwenyewe, maana kambale hawindi kwa macho. Humtafuta mlo wake kwa ladha, na ladha ya kutosha imo katika taka tunazozitupa jalalani kila siku.

Mtazame kambale vizuri. Ana sharubu nane, nne kila upande. Sharubu hizo, midomo, na hata ngozi ya ubavuni, zimetapakaa vionjio vya namna ile ile tuliyo nayo sisi juu ya ulimi. Mwaka 1967 J. E. Bardach na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya kambale wa Marekani wa jenasi Ictalurus. Samaki hao, hata baada ya kuondolewa uwezo wa kunusa, waliendelea kukifuata chakula mpaka kilipo, kwa kuonja maji tu. Walipoondolewa vionjio vya upande mmoja wa mwili, walianza kuzunguka kuelekea upande uliobaki mzima, mithili ya mtu anayepiga kasia moja. Mwaka 1971 Jelle Atema alieleza kwamba spishi moja ya jenasi hiyo ina vionjio zaidi ya 100,000 mwilini. Basi si kosa kusema kwamba kambale ni ulimi unaoogelea.

Na ulimi huo unaonja nini? Mwaka 1975 John Caprio alionyesha kwamba vionjio vya kambale wa Marekani huamshwa na asidi amino hata zikiwa zimezimuliwa mno majini. Asidi amino, kama wanafunzi wa kidato cha tatu wajuavyo, ni matofali ya kujengea protini. Protini nzima haisafiri upesi. Lakini inapovunjwa na vimeng'enya, kama itokeavyo katika utumbo, ini au damu iliyoanza kuchacha, matofali hayo hutawanyika na kuchukuliwa na maji. Kwa mantiki hiyo, utumbo wa kuku uliolala siku moja unatangaza habari zake mbali kuliko samaki mzima aliye hai, ambaye magamba na ute wake vimeifungia ladha ndani. Ugali peke yake hauna mvuto mkubwa kwa kambale, lakini una sifa nyingine: hushikamana. Unga ukikandwa pamoja na damu au utumbo uliosagwa hutoa ladha polepole, na donge halianguki upesi kutoka katika ndoana.

Hapa sina budi kuitaja sabuni. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati, wavuvi wa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi hutunga vipande vya sabuni ya mche, na kambale huvila. Watu waliosoma hucheka. Wangefaa wakumbuke somo lao la kemia kabla ya kucheka. Mafuta hayayeyuki majini, lakini yakichemshwa na magadi makali hugeuka kuwa chumvi za asidi za mafuta, na chumvi hizo huyeyuka. Kipande cha sabuni kinachoning'inia majini kinaacha nyuma yake mkia mrefu wa vitu vilivyoyeyuka, na hilo ndilo jambo ambalo kila chambo cha kambale hutakiwa kulifanya. Mvuvi aliyegundua jambo hilo hakuwa mjinga hata kidogo.

Turudi kwa wale samaki wa chandaruani. Wengi wao walikuwa watoto wa magege na wa samaki wengine wa jamii ya perege. (Mwenzangu akivuka kwenda Malawi asishangae akiagiza "chambo" na kuletewa sahani: huko neno hilo ndilo jina la samaki huyo huyo.) Kambale jike hutaga mayai makumi ya maelfu kwa mara moja, akayaacha. Magege jike hatagi wingi huo. Huyabeba mayai yake kinywani, na watoto wakishatoka hukulia katika maji ya kina kifupi ukingoni, pale pale panapokokotwa chandarua. Mbuna, wale samaki wadogo wenye rangi wakaao mawe, huwa na makumi tu ya mayai kwa uzazi mmoja. Kwa hiyo ndoo moja ya chambo huweza kuwa ni uzazi wa majike wengi sana wa aina ambayo haizai kwa wingi, na yote hayo kwa ajili ya kumnasa samaki ambaye angeridhika na matumbo ya kuku.

Haki inanilazimu kukiri kwamba si kila samaki wa Nyasa yumo katika hoja hii. Mbasa, ambaye hupanda mito kama Ruhuhu wakati wa kuzaa, hukimbiza dagaa katika maji maangavu na hutumia macho. Kampango, kama Wamalawi wamwitavyo, ana sharubu kama kambale, ila yeye ni mla samaki hasa, na mvuvi anayemtaka atahitaji kipande cha samaki. Kipande, nasema; vichwa na mikia iliyobaki sokoni hutosha. Samaki huyu anastahili heshima pia kwa sababu nyingine. Kenneth McKaye na wenzake, waliopiga mbizi upande wa Malawi, waliona dume na jike wakilinda watoto wao kiotani, na jike akiwalisha mayai yasiyorutubishwa. Anayemnasa mzazi wakati huo amewaua na watoto wote waliokuwa chini yake.

Wakati wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, hoja ya ladha hupata nguvu zaidi. Ruhuhu huingia ziwani baina ya Manda na Lituhi ukiwa umebeba udongo mwingi, na mdomoni pake jicho halina kazi. Mvuvi wa mtoni na atege upande wa juu wa shimo ambamo kambale hulala, ili mkondo umpelekee habari. Akitega upande wa chini atakuwa anawahutubia watu ambao wamempa kisogo.

Nchi za kaskazini zina samaki aitwaye stajeni, anayekaa katika mito mikubwa kama Volga na Danube. Hana undugu na kambale, lakini naye hupekua chini ya maji kwa sharubu nne zilizo mbele ya kinywa, na wavuvi wake hubishana juu ya minyoo na vipande vya samaki kama sisi tunavyobishana juu ya sabuni. Tofauti ni kwamba mabishano yao yamekuja kuwa ya masikitiko. Stajeni hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa, mabwawa ya umeme yamemfungia njia ya kwenda kutaga, na mayai yake yameuzwa kwa bei ya dhahabu. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la hifadhi ya maumbile, IUCN, lilitangaza kwamba spishi zote 26 za jamii yake zilizobaki zimo hatarini kutoweka. Huko wanachagua chambo kwa ajili ya samaki ambaye karibu hayupo.

Liko jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa milimani kuliko watu wa ziwani. Mito ya Mbinga huenda pande mbili: mingine huishia Ziwa Nyasa, mingine huingia Ruvuma na kufika Bahari ya Hindi. Anayebeba ndoo ya chambo hai kutoka bonde hili hadi bonde lile, kisha akamwaga masazo jioni, amehamisha samaki na magonjwa yao kuvuka mpaka uliowekwa na maumbile yenyewe. Utumbo wa kuku hauzaliani.

Sasa kazi ya shule. Majaribio ya Bardach na Caprio yalifanywa juu ya kambale wa Marekani, ambao ni wa familia nyingine, na hakuna sababu kwa nini wa kwetu wasipimwe na wanafunzi wetu. Shule yenye bwawa la kambale inahitaji vifuko vya kitambaa vya ukubwa mmoja, uzi, na saa. Katika kimoja tia minyoo, katika kingine utumbo, katika kingine donge la unga na damu, katika kingine sabuni kidogo sana, maana bwawa ni dogo, na katika kingine samaki mzima. Wahesabiwe samaki wanaogusa kila kifuko katika muda wa dakika 20 baada ya jua kuzama. Kila usiku vifuko vibadilishwe mahali, kwa kuwa pembe moja ya bwawa huweza kupendwa na samaki kuliko nyingine. Na kiwepo kifuko cha mwisho kilichojazwa changarawe tupu. Wanafunzi watadai kwamba hicho ni kupoteza muda, na mwalimu asikubali kukiondoa.