Matembezi ya Julai 30 yanadai orodha ya majina

KILA ifikapo Julai 30, Siku ya Mashujaa, wapo miongoni mwetu wakazi wa Juba tunaokwenda kwa miguu hadi kwenye kaburi la Dk. John Garang de Mabior. Kutembea ni heshima anayoimudu kila mtu, awe waziri au mwuza nyanya wa Konyo Konyo.

Garang aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan Julai 9, 2005. Siku 21 baadaye helikopta iliyokuwa ikimrudisha kutoka Uganda ilianguka, na wote waliokuwamo wakafa. Alizikwa Juba Agosti 6, na hapo hapo ndipo uhuru ulipotangazwa Julai 9, 2011.

Swali la kujiuliza ni je, wengine tunawatembelea wapi? Vita vya 1983 hadi 2005 vinakadiriwa kuua watu milioni mbili kwa risasi, njaa na maradhi. Askari wengi walifukiwa porini walipoangukia. Sisi tuliosomea uhamishoni tulipata habari za ndugu zetu kwa midomo ya wapita njia. Leo darasani nikiuliza nani alifiwa na baba au babu vitani, mikono mingi huinuka. Nikiuliza kaburi liko wapi, hushuka.

Kwa nini hatuna orodha kamili? Kwanza, vita vya msituni havina masjala. Pili, na hili ndilo chungu, tangu mgawanyiko wa 1991, na tena kuanzia Desemba 2013, tuliuana wenyewe kwa wenyewe. Kuandika majina kunageuka kuwa ugomvi wa nani shujaa na nani msaliti. Hapo ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Hata hivyo, inawezekana. Desemba 2014, raia wa kujitolea walisoma hadharani hapa Juba majina zaidi ya 500 ya waliokufa. Nao majirani zetu Watanzania waliwazika askari wao wa vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, pale Kaboya. Jamaa zao wanajua pa kwenda.

Basi kila boma iandike majina ya wafu wake, bila kuuliza kabila wala upande, na kila mtembeaji abebe jina moja. Wafanyabiashara wa barabara ya Nimule wanaweza kusaidia, kwani wanafahamiana na wazee wa vijiji wanaojua nani alizikwa wapi. Orodha si ya sherehe tu. Mjane ambaye jina la mumewe halikuandikwa popote hana cha kuonyesha anapodai haki yake.

Walioshuhudia vita hivyo wanazeeka. Tukichelewa, hatutakuwa na wa kumwuliza.