Biashara ni matangazo, lakini tangazo analilipa nani?

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha asubuhi, nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji anayeuza vitenge kwa WhatsApp na Facebook. Alikuwa amelipia tangazo la Sh30,000 ili picha zake ziwafikie watu wengi. Watu 60 walimwandikia, sita wakanunua. "Dada mtangazaji," akaniuliza, "mbona nimeuza lakini mfukoni sioni kitu?"

Swali hilo limezishinda hata kampuni zenye mabilioni. Tuanze na hesabu yake.

Gawa Sh30,000 kwa wateja sita: kila mteja amemgharimu Sh5,000. Faida yake kwa kitenge kimoja, akishatoa bei ya kununulia na gharama ya kutuma mzigo kwa basi, ni Sh4,000. Kwa hiyo kila mteja amemletea hasara ya Sh1,000. Akiuza vitenge 100 kwa njia hiyo hiyo, hasara nayo inakua.

Hesabu hiyo inageuka mteja akirudi. Akinunua mara mbili nyingine bila kuitwa na tangazo, atakuwa ameleta faida ya Sh12,000. Toa Sh5,000 za tangazo, zinabaki Sh7,000. Kumpata mteja ni gharama, faida iko kwenye kurudi kwake.

Kwa nini bei ya tangazo inapanda?

Wengi wetu tunajua mnada wa ng'ombe. Wanunuzi wakiwa wachache, bei inalala. Wakija wengi wenye fedha, inapanda. Matangazo ya Facebook na Google huuzwa hivyo hivyo, kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta kila mara mtu anapofungua ukurasa. Muuza vitenge wetu yuko mnadani pamoja na benki, kampuni za simu na maduka makubwa, wote wakigombea jicho la mtu mmoja.

Afadhali kidogo ni kwamba kompyuta haiangalii fedha peke yake. Inapima pia kama tangazo linamfaa anayeonyeshwa. Tangazo linalolenga akina mama wa wilaya moja linaweza kumfaa mfanyabiashara mdogo kuliko lile linalotupwa nchi nzima.

Waliotangulia kuumia

Marekani iliyapitia haya zamani. Kampuni ya Pets.com, iliyouza chakula na vifaa vya wanyama wa kufugwa kwa intaneti, iliingiza dola 619,000 tu kati ya Februari na Septemba 1999, huku ikitumia dola milioni 11.8 kwa matangazo. Januari 2000 ilijitangaza kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani inayotazamwa na mamilioni ya watu. Novemba mwaka huo huo ikatangaza kufunga. Kila mtu aliijua, lakini ilikuwa ikiuza bidhaa nyingi chini ya gharama yake.

Huku kwetu tunaikumbuka Jumia. Ilianzia Lagos mwaka 2012, na Aprili 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa New York. Novemba mwaka huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Mwishoni mwa 2023 iliacha pia kupeleka vyakula katika nchi saba, Kenya na Uganda zikiwemo, ikisema ushindani ni mkali na hesabu hazikai sawa. Uongozi mpya ulipunguza sana fedha za matangazo.

Kwa watu wa vijijini, Copia ya Kenya ina somo la karibu zaidi. Iliwatumia wenye maduka kama mawakala: unaagiza dukani, mzigo unaletwa pale pale. Jirani unayemwamini ndiye tangazo. Hata hivyo, Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kushindwa kupata fedha mpya, ingawa miaka ya nyuma wawekezaji walikuwa wameipa zaidi ya dola milioni 100. Kupunguza gharama ya tangazo hakuondoi mafuta ya gari, barabara mbovu na faida ndogo ya sukari na sabuni.

Nani analipa?

Usafiri wa bure, vocha na punguzo la safari ya kwanza navyo ni matangazo. Mwanzoni analipa mwekezaji, kwa matumaini kwamba washindani watachoka kwanza. Akichoka yeye, bili inahamia kwa mteja, kwa bei iliyopanda, au kwa dereva na wakala, kwa makato makubwa.

Sisi wa redio tunaishi kwa matangazo, kwa hiyo sina sababu ya kuyasema vibaya. Lakini nimewahi kusoma hewani tangazo la kampuni ya kuagiza bidhaa kwa simu, kila siku kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne tangazo likakoma, na wasikilizaji wakaanza kunipigia mimi: mzigo wangu uko wapi? Sikuwa na jibu. Walikuwa wameiamini sauti yangu, na mimi sikuwahi kuuliza swali hata moja kuhusu kampuni ile.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona bei ya ajabu kwenye simu, furahia, lakini lipa mzigo ukifika kama inawezekana. Ukiombwa kuwa wakala, uliza kamisheni inalipwa lini, wala usifunge biashara yako ya zamani mapema. Na wewe unayeanza kuuza mtandaoni, andika kwenye daftari mambo matatu: umelipia tangazo shilingi ngapi, wangapi wamenunua, wangapi wamerudi.

Dada yetu wa vitenge nilimshauri asilipie tangazo jingine kwanza. Awapigie wale wateja sita awaulize kama vitenge viliwapendeza. Juzi ameniandikia: wawili wameagiza tena, na mmoja amemleta shemeji yake. Gharama yake ilikuwa muda wa maongezi tu.